Mikono Ishirini na Minne

Mtaani walimwita Fundi Risasi, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alimtazama mabega akitafuta uaskari. Hakuwa askari. Alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa, na risasi aliyoishika tangu ujana wake ilikuwa ile laini ya kijivu inayoyeyushwa na kumiminwa ikawa a, ikawa k, ikawa nukta. Kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri alisimama mbele ya droo pana yenye vijumba vingi, mkono wa kushoto umeshika kibao cha chuma, wa kulia unaokota. Hakuitazama droo. Vidole vilijua njia kama mtu anavyoijua njia ya chooni kwake hata akifumba macho.

Kazi hiyo ina ukaidi wake. Herufi ya risasi huchongwa kinyume, kama uso ndani ya kioo, ili ikigonga karatasi itoke sawa. Mpanga herufi basi huyaona maneno yakiwa yamegeuka, na akizoea huyasoma hivyo kwa haraka kuliko wengine wanavyosoma gazeti. Fundi Risasi alikuwa amezoea kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa amepanga sheria za vyama, kadi za arusi, na matangazo ya vifo vya watu aliosoma nao. Kosa moja likimpita, siku hiyo chakula hakikushuka.

Binti yake wa mwisho alikuwa kiziwi. Homa kali ilimshika akiwa na miaka miwili, ikamwacha mzima kila mahali isipokuwa masikioni. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwenye macho yasiyotulia, na alisoma katika shule ya msingi ya mtaa, kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa zamani stoo ya useremala. Humo walikuwemo watoto viziwi kumi na wawili, na humo kulikuwa na amri moja iliyozidi amri zote: kalia mikono.

Si mfano wa maneno. Mtoto aliingia, akaketi kwenye benchi, akaweka viganja vyake viwili chini ya mapaja, akavikalia. Kisha alitazama mdomo wa mwalimu na kujaribu kuiga. Mbele ya midomo yake ilishikwa karatasi nyembamba; ikitikisika, amesema "pa", isipotikisika, hajasema. Pa, pa, pa, tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Mwalimu Mkuu, mtu mnadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, aliamini kwa moyo wake wote kwamba mikono ikisema, ulimi hulala.

"Samaki mkunje angali mbichi," aliwaambia wazazi. "Mkiwaachia waongee kwa vidole, mtawalea mabubu mpaka uzeeni."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo la kuogopesha. Mtu mbaya angepingwa. Huyu alisikilizwa, na watoto kumi na wawili wakakua wakikalia ndimi zao.

Akatuma tangazo kwa wazazi wote ili amri ifuatwe na nyumbani pia. Lilipigwa chapa kwenye kadi ngumu, likabandikwa katika kuta za jikoni na sebuleni: MIKONO CHINI, MIDOMO JUU. Aliyelipanga tangazo hilo, kwa herufi nene kubwa, alikuwa Fundi Risasi mwenyewe. Alilipanga vizuri. Akachukua nakala moja, akaibandika juu ya meza ya kulia, na kwa miaka mitatu kila binti yake alipoinua mkono mezani ili aombe maji au aeleze jambo lililomtokea njiani, baba alinyoosha kidole kuelekea ukutani. Mtoto alivuta mikono, akaikalia, akangoja mtu akisie haja yake kwa kumtazama macho. Katika miaka hiyo mitatu alijifunza kutamka maneno manane. Sita kati yake yalieleweka na mama yake tu.

Muhula wa kwanza wa mwaka huo alikuja mwalimu mpya. Alikuwa mwanamke kijana, ana kaka yake kiziwi, na siku ya tatu aligundua kilichojulikana na kila mtoto wa shule ile: wakati wa mapumziko, nyuma ya vyoo, wale kumi na wawili waliongea. Waliongea kwa mikono, kwa kasi, kwa utani, wakigombana, wakisimuliana, mpaka kengele ilipowarudisha kwenye ububu. Akaleta chati ya alfabeti ya vidole, akaitundika darasani. Mwalimu Mkuu akaitundua kesho yake. Mwezi mmoja baadaye Mwalimu Mkuu aliandikia kamati ya shule kwamba watoto wa chumba cha nyuma hawafundishiki, na kwamba chumba kirudishiwe mbao na randa zake. Kamati ilipanga kukaa Ijumaa ya mwisho wa muhula.

Hapo ndipo mwalimu alipokwenda kiwandani kumtafuta baba wa mwanafunzi wake, akiwa amebeba sanduku la karatasi kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, kuna nini? Ameumia?"

"Hajaumia. Nimekuletea kazi." Akafungua sanduku. Ndani kulikuwa na kibodi nene kama tofali. "Hii ni kompyuta. Wageni fulani waliiachia shule mwaka juzi, ikawekwa kabatini. Unaichomeka kwenye televisheni, unaweka kinasa kaseti pembeni, inafanya kazi."

Mwendesha mashine wa kiwanda, aliyekuwa akifuta wino mikononi, alichungulia. "Yaani hiyo ndiyo yote? Nilidhani kompyuta inajaza nyumba. Hii hata kinanda cha mtoto haifiki!"

"Wewe endelea kufuta mikono," alisema Fundi Risasi. "Mwalimu, mimi ni mtu wa risasi. Haya ya umeme siyajui."

"Unajua umbo la herufi, mzee. Mashine hii ina herufi zake, lakini inakuruhusu uzifute uweke maumbo yako. Kila umbo ni vijumba nane kwa nane. Kila kijumba ni cheusi au cheupe. Kwa maumbo manne ukiyapanga pamoja unapata mkono. Herufi zetu ni ishirini na nne. Nataka mikono ishirini na minne."

Fundi Risasi alimtazama mwendesha mashine, ambaye alijitia kuwa na shughuli.

"Mikono imekatazwa," akasema kwa sauti ya chini.

"Imekatazwa mikono ya watoto. Amri haikusema lolote kuhusu televisheni. Watakaa mbele ya kamati wamekalia mikono yao kama kawaida, na watasoma maneno kwenye kioo, na wataandika ubaoni. Mzee, wanajua kusoma. Nimewafundisha kwa siri, huko huko nyuma ya vyoo. Lakini siwezi kuonyesha bila kuvunja amri, na nikiivunja, amri ndiyo itakayojadiliwa, si watoto." Akashusha pumzi. "Chumba kikifungwa binti yako atarudi nyumbani. Atakaa tu. Unajua atakavyokaa."

Alijua. Alikwisha kumwona akiwa amekaa tu.

Basi televisheni ya familia ikatekwa. Ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, na mwenyewe hasa alikuwa mama mkwe, aliyekuja kukaa nao baada ya kufiwa na ambaye hakuna taarifa ya habari iliyompita.

"Mkwe," aliuliza siku ya kwanza kaseti ilipowekwa na mlio mkali mwembamba ukajaa nyumba, "huyo paka mnamchinja au anazaa?"

"Ni programu, mama. Inaingia. Dakika nne tu."

"Dakika nne! Mtu akifa akafufuka bado inaingia."

Aliyekuwa hasumbuliwi na mlio huo alikuwa mmoja. Binti aliweka kiganja juu ya kinasa kaseti, akafumba macho, na ulipokwisha aliinua kichwa kabla ya mtu yeyote kusema. Mkewe Fundi, ambaye alishona sare nyumbani na kuvumilia mengi, alitia tone la rangi ya kucha kwenye kitufe cha sauti, mahali hasa panapotakiwa, maana sauti ikizidi au ikipungua kidogo mashine iligoma.

Jioni za wiki tatu, baada ya kazi na kabla ya habari, Fundi alichora. Mwalimu alimwazima ile chati iliyotunduliwa. Kwenye madaftari ya hesabu, yale yenye viraba, alipiga mstari kuzunguka viraba kumi na sita kwa kumi na sita, akaanza kujaza kwa penseli. Ilikuwa kazi aliyoielewa kwenye mifupa. Kidole hakiwi kidole kwa kuchorwa chote. Kinakuwa kidole kwa kuachiwa mwanga mahali panapostahili. Kiraba kimoja kikizidi, ngumi inakuwa kiazi. Herufi mbili ambazo huchorwa hewani kwa mwendo alizitia mkia wa nukta tatu. Kisha kila mstari wa viraba nane ulipata namba yake. Kiraba cha kushoto kabisa ni mia moja ishirini na nane, kinachofuata nusu yake, sitini na nne, hivyo hivyo mpaka moja. Unajumlisha vilivyojazwa, unaiambia mashine hiyo namba. Maumbo tisini na sita, namba nane kila moja. Mia saba sitini na nane.

Aliziingiza zote bila kukosea hata moja, akazihifadhi kwenye kaseti, na Jumapili alasiri, siku tano kabla ya kamati, alimwita mwalimu. Familia ikakaa sebuleni. Mlio ukalia, ukakoma. Mikono ishirini na minne ikatokea kwenye kioo, safu tatu, myeupe juu ya weusi, kila mmoja mkubwa kama kidole gumba.

"Haki ya Mungu," alisema mama mkwe, akasahau kulalamika. "Inaonekana hadi kucha."

Binti alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alitabasamu. Kisha tabasamu likasimama njiani. Aliinua mkono wake wa kulia kando ya televisheni, akatazama. Akaushusha, akainua wa kushoto. Akageuka kwa mwalimu na vidole vyake vikasema jambo, harakaharaka, huku akimtazama baba kwa pembe ya jicho kama anayengoja kukanywa.

"Anasemaje?" aliuliza Fundi.

Mwalimu aliona haya. "Anasema... yote ni mikono ya kushoto. Anauliza huyu mtu ni nani anayeongea kwa mkono wa kushoto mwanzo mpaka mwisho."

Fundi Risasi alitazama chati ukutani, akatazama kioo. Alikuwa amegeuza. Kila mkono, kila kidole, bila hata kufikiri, alikuwa ameuchonga kinyume kama herufi ya risasi, ili ukigongwa kwenye karatasi utoke sawa. Na hapakuwa na karatasi. Kioo cha televisheni hakigongi kitu. Unachokiweka ndicho kinachosomwa.

"Si neno, mzee," mwalimu aliharakisha kusema. "Wataelewa. Mtu wa mashoto si anaongea pia? Kamati haijui hata kama kuna kulia na kushoto. Hakuna atakayeona."

"Hao kumi na wawili wataona."

"Siku zimebaki tano."

"Muulize," alisema Fundi. "Muulize yeye anaonaje."

Mwalimu akauliza. Binti alifikiri, akajibu polepole, na mwalimu akatafsiri akitazama sakafu: "Anasema inasomeka. Lakini anasema hivyo ndivyo anavyojiona akijisemea peke yake mbele ya kioo cha kabati."

Hakuna aliyejua kwamba alikuwa akifanya hivyo. Mama yake aliinuka akaenda jikoni.

Fundi Risasi hakuwa msemaji, lakini hilo lilimwingia kama sindano. Watoto hawa walikuwa wameambiwa maisha yao yote kwamba lugha yao ni kosa. Sasa, mara ya kwanza inapopigwa chapa, itoke na kosa la kweli, na kosa liwe lake, na aliache kwa sababu wenye masikio hawataliona? Kiwandani prufu, ile chapa ya kwanza ya kukaguliwa, ikiwa na kosa hurudishwa, hata kama mteja hasomi.

"Inarudishwa," alisema. "Yote."

Jumatatu saa kumi alasiri alikaa mezani na madaftari, akiwa amevurugika. Kuugeuza mkono hakukuwa kubadili namba tu. Robo ya kushoto inahamia kulia, na kila mstari unasomwa kutoka mwisho. Alianza kuchora upya. Baada ya saa nzima alikuwa amemaliza mikono miwili, na wa pili ulimtoka wa kushoto tena. Vidole vyake havikumtii. Miaka ishirini na sita ilikuwa imekaa ndani yake kama kutu.

Binti alikuwa akimtazama kutoka mlangoni. Akaja, akachukua daftari, akachana karatasi moja. Baba alitaka kumzuia. Mtoto akaenda dirishani, akaiweka karatasi kwenye kioo, upande wa mchoro ukielekea nje, jua la alasiri likiipiga kwa nyuma. Penseli ilipenya. Kwenye mgongo wa karatasi, waziwazi, mkono ulionekana, na ulikuwa wa kulia.

Fundi aliweka penseli mezani. Akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshindwa kihalali. Mtoto hakukisikia, ila alikiona.

Kuanzia hapo waligawana. Binti alibandika karatasi dirishani na kusoma mistari. Alijua kugawa kwa mbili vizuri kuliko baba alivyodhani, na baada ya karatasi tatu alikuwa akijumlisha kichwani. Lakini namba azipeleke vipi kwa baba aliye mezani? Kinywa hakikuwa nazo. Akageuka, akainua mkono, akazionyesha kwa vidole. Baba hakuelewa. Akarudia. Baba akakisia, akakosea. Mtoto akaja mezani, akaushika mkono wa baba yake, mkono mkubwa wenye weusi wa risasi usiotoka kwenye mikunjo, akamkunjia vidole kimoja kimoja: moja. Mbili. Sita. Kumi. Baba alipokosea, mtoto alimpiga kofi dogo la kiganjani, kama mwalimu.

Mama mkwe alipita akasimama. "Leo mtoto anamfundisha mzazi. Dunia imegeuka."

"Imenyooka, mama," alisema Fundi.

Jua ndilo lililokuwa saa yao. Lilipozama nyuma ya paa la jirani karatasi zilikufa na kazi ikaisha. Jumatatu mikono minne. Jumanne saba, maana sasa baba alizijua namba zote na aliweza kuuliza: herufi ipi hii? Naye aliuliza kwa vidole, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Binti akampa jina. Watu wa mikono hawapotezi muda kuandika jina la mtu herufi kwa herufi; humpa alama moja. Alama ya baba ilikuwa kidole gumba kikisuguana na ncha za vidole vingine, kama mtu anayejaribu kuondoa uchafu usioondoka.

Jumatano ilibaki saa moja ya mwanga na mikono kumi na mitatu. Fundi aliinuka, akaenda ukutani, akabandua ile kadi. Akaiweka mezani mbele ya binti. Akagusa maandishi. Kisha akafanya alama ya jina lake mwenyewe, akaonyesha kwa mikono namna ya kuokota herufi na kuzipanga. Mimi. Hili, mimi ndiye niliyelipanga.

Alikuwa hajui kusema nisamehe. Hakuna aliyemfundisha umbo lake, na kulipitisha herufi kwa herufi aliona kama kulipa deni kwa sarafu ndogondogo.

Binti alisoma kadi. Akamtazama baba. Hakukasirika kwa namna inayoonekana. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya mlango akiupa uso ukuta wa jirani, na mwanga ukaendelea kupungua, na baba hakumfuata kwa sababu hakujiona kuwa na haki ya kumfuata. Mkewe aliacha cherehani.

Baada ya muda mtoto alirudi. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akabandika karatasi, akageuka na kuinua mkono: mia moja tisini na mbili. Fundi akaandika. Siku hiyo walimaliza mikono mitatu tu. Alhamisi mitano.

Minne, saba, halafu mitatu na mitano. Na ile mitano iliyobaki, mama wa binti ndiye aliyeigeuza. Alikuwa ameitazama kazi akiwa kwenye cherehani siku tatu, na Alhamisi mchana, kabla mume hajarudi, alizibandika karatasi dirishani peke yake, akajumlisha pembeni kwa chaki ya kushonea. Usiku huo Fundi aliziingiza namba zote upya, akazihifadhi kwenye kaseti.

Ijumaa saa nne asubuhi kamati ya watu saba ilikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Fundi Risasi alikuwa ameibeba televisheni mikononi tangu nyumbani. Watoto kumi na wawili waliketi mbele, mikono chini ya mapaja. Mwalimu Mkuu aliwakagua, akaridhika. Wazazi walipewa benchi la nyuma na kuombwa wanyamaze.

Kaseti ikalia. Mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa haki lakini asiyependa kupotezewa muda, alikunja uso. "Hii ndiyo itakayowafundisha kusema?"

"Subiri kidogo, mheshimiwa," alisema mwalimu.

Mkono ukatokea kwenye kioo. Ukaondoka, ukaja mwingine. Watoto waliinua vichwa wote kwa pamoja. Mmoja alipiga kelele ya furaha isiyo na herufi. Mwenyekiti akaombwa aandike neno lolote kwenye kikaratasi. Akaandika "msumari". Mwalimu akaligonga kwenye kibodi, mikono saba ikapita, na mtoto mdogo kuliko wote akaenda ubaoni akaliandika. Mwenyekiti akaandika lingine, "mizani". Likaandikwa. "Ukarabati". Likaandikwa.

Wanakamati walitazamana.

"Mheshimiwa," alisema Mwalimu Mkuu, akisimama, "kasuku naye hurudia. Wananakili picha. Mtoto aliyefundishika huulizwa swali akajibu. Hebu zimeni hiyo televisheni."

Mwenyekiti aliafiki. Ikazimwa. Akamtazama binti wa Fundi, aliyekuwa karibu naye, akatamka kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara: "Wewe binti. Unataka kurudi shuleni muhula ujao? Kwa nini?"

Binti aliitazama midomo yake. Ilikuwa imefunikwa na sharubu. Macho yake yaliruka kwa mwalimu, lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amemwekea mwalimu mkono begani. Mtoto akabaki amekalia mikono yake.

"Mnaona wenyewe," alisema Mwalimu Mkuu, na kulikuwa na huzuni ya kweli katika sauti yake.

Benchi la nyuma lilikwaruza sakafu. Fundi Risasi alikuwa amesimama. Alipita katikati ya madawati, akaja mbele ya binti yake, akainua mkono wa kulia.

"Mzazi, tafadhali—"

Hakusikia, au hakutaka. U. N. A. T. Vidole vilikuwa vinene. A. K. A. Ilichukua muda mrefu. Mwanakamati mmoja alikohoa. Katika neno la pili alikunja vibaya, na binti, mbele ya Mwalimu Mkuu, mbele ya kamati nzima, alichomoa mkono chini ya paja, akamshika baba kidole, akakinyoosha mahali pake. Baba akashukuru kwa kichwa, akaendelea.

Swali lilipoisha mtoto alikwenda ubaoni. Aliandika kwa mwandiko mkubwa uliosimama wima: *Ndiyo nataka. Nyumbani hakuna watu wa kuongea nao.*

Akaweka chaki, akarudi kukaa. Fundi alibaki amesimama pale pale, akiisoma sentensi hiyo, na hakuweza kuigeuza upande wowote. Nyuma, mkewe alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

Kamati ilitoka nje kushauriana. Iliporudi, mwenyekiti alisoma kutoka kwenye kikaratasi kile kile. Wanne kwa watatu. Chumba cha nyuma kitabaki kwa mwaka mmoja. Mikono inaruhusiwa, ila ndani ya chumba hicho tu, mlango ukiwa umefungwa. Uwanjani marufuku, watoto wengine wasije wakaiga.

Watu walipeana mikono. Mwalimu alilia na kucheka. Fundi Risasi alisikia "mwaka mmoja" na akasikia "mlango ukiwa umefungwa", na furaha yake ikawa na mfupa ndani. Akaibeba televisheni kifuani, waya umezungushwa shingoni, akatoka.

Ilikuwa saa ya mapumziko. Uwanja ulijaa watoto. Walipofika katikati, binti alimpita baba, akageuka akamkabili, akitembea kinyumenyume. Akauliza, kwa mkono, mchana kweupe: wamesemaje?

Kwenye baraza la ofisi Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama na kalamu zake tatu, akiwatazama. Watoto wa mpira walikuwa wamesimama pia. Fundi alitikisa kichwa kuonyesha mzigo: mikono imejaa, mwanangu, tukifika nyumbani. Binti hakutembea tena. Alisimama njiani, akauliza upya.

Fundi Risasi alichuchumaa, akaiweka televisheni mchangani, akaipangusa vumbi kwa kiwiko. Akainuka. Akaanza kumweleza, herufi kwa herufi, yote mawili, lile zuri na lile lingine, na kwa kuwa alikuwa bado mgeni katika lugha hiyo ilimchukua mapumziko yote.